Jiu ya Zamani na Jiu ya Tisa

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, sauti hujificha, nikabaki kutazama kucha zangu. Lakini Kichina nakijua kuliko mamangu, na hilo ndilo lililonitoa mafichoni.

Mama hununua mikoba hapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, na kuituma Mombasa. Kichina chake ni cha sokoni: laoban, yaani mwenye duka, meiyou, hakuna, na maneno yote ya bei. Kwa hayo tu humtoa laoban jasho. Basi siku tuliyokwenda zahanati ya mtaa kwa kikohozi changu, nesi akamwambia kuna chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba aliyonayo ni jiu jia. Mama akasikia biashara.

"Inuka, twende zetu. Ati jiu jia! Mimi ndiye wa kuuziwa bei ya zamani?"

Jiu jia ndilo neno analonong'onezwa na kila laoban mwenye mzigo uliolala stoo mpaka ukaota ukungu: chukua, nakupa kwa bei ya zamani. Mama alichukua mara moja, zipu zikakatikia mikononi mwa wateja. Tangu hapo akilisikia neno hilo, huyo, mlangoni.

Njiani nilimfuata nyuma. Mwaka jana khalati, dada yake mama, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Nyumbani husemwa aliumwa na tumbo. Hakuna anayetaja mlango wa kizazi, na hata kuuandika hapa naona haya. Lakini nilijiuliza: nikose nini, haya zangu au mamangu? Jibu halikutaka kufikiri.

Kwenye ngazi za jengo letu nikasimama.

"Mama, si bei ya zamani."

"Eeh! Leo umeota ulimi?"

"Jiu ya zamani, sauti yake inaporomoka tu. Nesi alisema ile inayozama kisha ikainuka. Hiyo ni tisa."

"Na jia? Jia naijua kabla hujazaliwa. Jia ni bei!"

"Kwenye chanjo ni aina. Inaandikwa vilevile, ndiyo maana inachanganya. Inakinga aina tisa za virusi, mama. Si mzigo uliolala."

Akacheka, akaanza kupanda. "Hata hivyo hiyo ni ya wasichana kama nyinyi. Mimi mtu mzima, nishazaa."

"Watu wazima pia wanachanjwa, na umri wako bado unaruhusiwa. Mapema ni bora zaidi, lakini kuchelewa si kukosa. Na kupimwa utaendelea kupimwa hata ukishachanjwa." Nikapanda ngazi moja. "Khalati hakuumwa na tumbo. Ulikuwa mlango wa kizazi."

Nilisema kwa sauti, hata mzee anayefagia ngazi akageuka. Bahati nzuri Kiswahili hakijui.

Mama alishika chuma cha ngazi. "Nani kakwambia?"

"Nilikusikia ukilia kwenye simu."

Akashuka, akanipita, akaelekea barabarani. "Njoo basi. Au nikafasiriwe na nani?"

Pale zahanati, akakunja mkono wa buibui. Kwa mazoea akamwomba nesi apunguze bei kidogo. "Meiyou," nesi akajibu, wote wawili wakacheka. Sindano ikaingia.

"Hivi tu? Zipu ya mkoba inauma zaidi."

Juzi jirani yetu Mkongo, anayenunua vitambaa, alikuja kunywa chai. Mama akampa habari yote, ya sindano na ya khalati, na jina la ugonjwa akalitaja lilivyo, bila kushusha sauti.

"Usije ukasikia jiu jia ukakimbia kama mimi, shoga. Binti yangu atakwenda nawe, akufasirie."

Jirani akanitazama, nami nikatazama kucha zangu. "Ma chère, rafiki yangu, lakini huyu mutoto anasemaka kweli?"

"Huyu?" Mama akamwongeza chai. "Huyu anasema."

Kesho asubuhi tunakwenda.