Darubini Niliyoifunga Kwenye Bunduki ya Mzee Katana

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni kidogo kidogo, maana mama mkwe wangu yu hai, kila Idi nampelekea sukari yake, na mpaka leo akinikaribisha huzungumza na mlango, si na mimi. Mimi ndiye yule mwanamume aliyekimbia uchi mchana kweupe mbele ya wakwe zake, pale Shika Adabu, Likoni (naam, mtaa wenyewe ndio unaitwa hivyo, msinitajie), na waliokuwepo wote walioniona wanajua kwamba nilikimbia, ila hawajui nilikuwa nakimbia nini.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nguruwe mwitu walikuwa wametushinda, wanatoka kwenye kichaka cha bondeni wanafukua muhogo wangu, wakimaliza wanavuka kwenda kwa mkwe wangu, Mzee Bakari, tuliyepakana naye mashamba. Nikaomba kibali cha bunduki, nikazungushwa maofisini mpaka viatu vikaisha soli, nikakipata. Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Katana wa Mtopanga, ambaye zamani alikuwa akiwaongoza wawindaji wa Kizungu porini. Uwindaji ulipopigwa marufuku, bunduki yake ikalala kabatini, imefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa.

Ilikuwa nzuri, ila kitako kimepasuka. Mzee Katana akanionyesha vile vyuma viwili vidogo vya kulengea vilivyo juu ya mtutu, akaniambia, "Mimi nimepiga na haya macho yake miaka yote, sijataka mengine. Na nguruwe mkimwangusha, nyinyi hammli, niletee mimi paja."

Nikacheka, nikaahidi paja, tukamaliza karatasi zetu kituoni. Laiti ningeenda nayo nyumbani vile vile!

Lakini mimi nina ugonjwa wa kuongezea vitu (baiskeli yangu ilikuwa na kengele tatu, muulizeni mke wangu). Nikaipeleka Magongo kwa Fundi Twalib, mtu wa kutengeneza cherehani, miwani na chochote kilichovunjika, anitengenezee kitako kipya cha mvule. Nikiwa namngoja nikazunguka kwenye duka la vitu vya mitumba, na pale kati ya pasi za makaa na saa zilizokufa nikaona darubini ya bunduki, ndefu, nyeusi, vioo vyake vizima. Mwenye duka hakujua ilikotoka, ilikuja ndani ya sanduku pamoja na vyombo vya marehemu fulani. Nikainunua. Hilo ndilo kosa langu, dogo namna hiyo.

Fundi Twalib akaifunga juu ya mtutu, akaielekeza barabarani, akachungulia. "Yule mzee aliyesimama juani vile," akasema, "anangoja nini?"

Nikatazama barabarani. Palikuwa na mkokoteni wa maji na mbuzi wawili. Nikadhani mzee keshapita.

Kesho yake asubuhi nimesimama mlangoni kwangu, chai mkono mmoja, nikaweka kikombe chini nikainua bunduki tupu, haina risasi, nione shamba langu. Nikaona muhogo, nikaona minazi ya Mzee Bakari kule mwisho, na chini ya minazi mtu amesimama, amenipa mgongo. Amevaa koti refu la kaki na kofia pana. Upepo ulikuwa unavuma, majani ya muhogo yanapepea yote, koti lake halitikisiki. Nikashusha bunduki. Hakuna mtu. Nikainua. Yupo.

Nikasema, hili ni doa la kioo. Nikapangusa kwa ncha ya kanga ya mke wangu, nikachungulia tena, yupo. Na hapo ndipo nilipojua kwamba si doa, kwa sababu doa lingefuata kila ninapoelekeza, lingeelea hata mbinguni. Huyu nikiinua mtutu anabaki chini, anatoka kwenye duara kama mtu wa kweli, nikiushusha namkuta pale pale, miguu yake imekanyaga udongo. Tena alikuwa na kivuli. Vivuli vya minazi vilikuwa vimelalia magharibi, ni asubuhi, chake kimelalia mashariki.

"Mwanasha!" nikamwita mke wangu.

"Abee."

"Njoo uchungulie hapa. Unaona nini?"

Akachungulia sana. "Naona muhogo ulioliwa na nguruwe, Baba Rehema, na mwenye bunduki bado anakunywa chai."

Siku tatu nilimtazama. Kila siku alikuwa amesogea, hatua kumi, hatua ishirini, na kila siku alikuwa amegeuka kidogo, kwanza mgongo, kisha bega, kisha shavu. Mnaniuliza kwa nini sikuing'oa? Kwa sababu nilikuwa nshajisifu. Nilishasema msikitini kwamba kwa darubini yangu naweza kuhesabu ndevu za nguruwe, na Mzee Bakari, masikini, akafurahi akaalika nusu ya mtaa kuja kusaka nguruwe Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Ningewaambia nini? Kwamba naogopa kioo?

Basi Jumamosi ikafika. Watu kama arubaini, wanaume wamejipanga upande wa pili wa kichaka na madebe ya kupiga, wanawake wamesimama nyuma kwenye njia, mbele yao kabisa mama mkwe wangu na mwavuli wake. Mimi nikapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa kulinda mazao, nikaketi na mgongo kwenye nguzo ya nyuma. Nimevaa shati na kikoi, na ndani ya kikoi, niwaambieni ukweli, sikuvaa kitu, joto la Likoni mnalijua.

"Uko tayari, mwanangu?" Mzee Bakari akaniuliza kutoka chini.

"Tayari, baba. Bismillahi."

Madebe yakaanza kulia. Nikatia risasi, nikaweka jicho kwenye darubini nikaielekeza kichakani, na sikuona kichaka. Niliona koti. Alikuwa karibu hata kofia yake haikuenea kwenye duara, ameshanigeukia mzima mzima, lakini uso sikuuona, kwa sababu mbele ya uso alikuwa ameshika kitu, na kile kitu kilikuwa na kioo cha mviringo kinachometa, na chini ya kioo palikuwa na tundu jeusi. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa ananitazama kama ninavyomtazama. Alikuwa na bunduki yake, na darubini yake, na mimi nilikuwa ndani yake. Nikaona kidole chake kinajikunja taratibu.

Nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, nikaitupa bunduki, nikajitupa na mimi. Kikoi kikanasa kwenye mti wa dungu kikabaki juu, mimi nikafika chini bila yake. Nyuma yangu nikasikia mlio. Nikakimbia na shati langu fupi, mikono juu, moja kwa moja kwenye njia walikosimama wanawake, napiga kelele, "Usinipige! Usinipige!" Wanawake wakatawanyika kama kuku. Mama mkwe hakuwahi kukimbia, akafungua mwavuli mbele ya uso wake akasimama hivyo hivyo, nami nikampita ubavuni. Wallahi, nilimsikia anasema, "Ya Rabbi stiri," wala sijui alijiombea yeye au aliniombea mimi.

Nguruwe walitoka, wakapita, wakaenda zao.

Nilijificha nyuma ya banda la Mzee Bakari, nimechuchumaa. Huku nasikia watu wanacheka, na katikati ya kicheko wengine wanabishana. Wako waliosema bunduki yangu ilipoanguka ililia mara moja. Wengine wakasema hapana, milio ilikuwa miwili, wa pili ulitoka kwenye muhogo. Wengine wakasema huo ni mwangwi wa bondeni.

Mwanasha ndiye aliyepanda dungu kuniletea kikoi. Alikawia. Aliporudi hakucheka. Akanipa kikoi, akageuka nivae, akaniambia, "Njoo uone."

Kwenye nguzo ya nyuma, pale nilipokuwa nimeegemeza kichwa, palikuwa na tundu. Upande wa shambani lilikuwa dogo, limetoboka vizuri kama limetobolewa kwa keke ya seremala, na upande wa nyuma mti umechanika, vibanzi vyeupe vimeangukia majani. Bunduki yangu ilikuwa chini ya dungu, imelala kifudifudi, mtutu umeelekea bondeni.

Mzee Bakari akatia kidole kwenye tundu, akakitoa. "Risasi hugonga jiwe ikarudi," akasema, lakini hakusema jiwe gani, na shamba lile halina mawe.

"Bunduki hiyo hailali kwangu leo," Mwanasha akasema.

Haikulala. Jua halijatua nilikuwa nshaikabidhi kituoni pamoja na kibali changu na risasi zilizobaki, askari ananiuliza kwa nini, nami namwambia nimeacha kilimo. Darubini Mwanasha aliifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akaifunga kwenye kitambaa akiwa ameangalia pembeni, na sikumuuliza alikoitupa. Mzee Katana paja lake hakulipata. Nguruwe waliendelea kula muhogo, tukaendelea kupiga madebe, na mtaani watoto wadogo waliniita Usinipige kwa miaka miwili.

Jina nililizoea. Lisilozoeleka ni lingine. Majuzi mwanangu Rehema kaniletea zawadi, darubini ya kutazamia meli, mpya, kwenye boksi lake. Nikamshukuru, nikamwambia airudishe dukani vile vile, asiifungue. Kitu kikiwa mbali nami, naomba kibaki huko huko, kisijue ninapokaa.