Mzee wa Vina na Njia ya Kushoto

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana wa kiwandani Nyakato, sehemu ya kusokota nyuzi, na ugonjwa wangu ulikuwa mashairi. Gazeti likifika naanza na ukurasa wa washairi. Habari za dunia zitasubiri. Kati yao nilimpenda mmoja kupita wote, mzee aliyeishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Siku moja nikajipa moyo nikamwandikia kumsifu.

Akajibu kwa beti. Nikamuuliza mvua zinaendeleaje huko, akajibu kwa beti. Nikamuuliza anaumwa nini, maana gazetini alikuwa amelalamika, akajibu kwa beti nyingi zaidi. Msichana niliyepanga naye chumba alidhani nina mchumba, nami nikamwacha adhani hivyo. Mchumba angalau anaeleweka.

Baada ya kuandikiana kwa muda, mzee akanialika nimtembelee. Maelekezo ya njia nayo yalikuja hivi:

Ukishavuka kwa meli, usilihofie joto,
Fuata njia ya pili, ipandayo toka mto,
Penye mkuyu wa mbali, ushike njia kushoto,
Nyumba yangu ya asili, ina mlango mzito.

Nikahesabu mizani, imetimia. Nikatazama vina, vimekaa sawasawa. Nilifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja.

Jumamosi nikavaa gauni langu zuri, nikachukua mkoba, nikavuka. Meli yenyewe ilikuwa kivuko tu, lakini sikulitilia maanani. Mto sikuuona, niliona korongo kavu lenye mbuzi ndani yake. Mkuyu wa mbali ulikuwa palepale karibu na gati. Nikashika kushoto.

Nilitembea mpaka viatu vikabadilika rangi. Mwishowe nikatokea kwenye kijiji, na watu wote wa kijiji walikuwa wamesimama uwanjani kana kwamba wananingoja mimi. Waliponiona wakapiga vigelegele. Wanawake wakaanza kuimba kwa Kisukuma. Mwanamume mwenye koti zito akanijia amenyoosha mikono yote miwili.

"Karibu sana, ndugu! Mimi ndiye mwenyekiti wa kijiji. Tumekungoja tangu asubuhi."

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema. Nilidhani mzee amewatangazia ujio wangu. Mshairi mkubwa, nikawaza, na wageni wake wanapokelewa kikubwa. "Nimekuja kwa ajili ya mshairi."

Kwa zile nyimbo hakunisikia vizuri. Akawageukia watu akapaza sauti: "Mmesikia? Huyu ndiye mshauri! Mshauri wa mifugo kutoka wilayani!"

"Mshairi," nikasema.

"Ndiyo, mshauri," akasema.

Mzee mmoja akanung'unika kwamba hajawahi kuona mwanamke wa kazi hii. Mwenyekiti akamkatiza, "Redioni wamesema wanawake wanaweza kazi zote. Leteni dume!"

Likaletwa dume jeusi la ng'ombe, limeshikwa na vijana wanne, na wote wanne walikuwa wanaburutwa. Nikakabidhiwa koleo refu la chuma. Ndipo nilipoelewa kwamba kijiji kilikuwa kinamsubiri mtaalamu wa kuhasi, ili wapate maksai wa kuvuta plau. Dume lilinitazama. Nami nililitazama. Sidhani kama kuna aliyemwogopa mwenzake zaidi.

"Ndugu zangu, mimi nasokota nyuzi," nikasema.

"Utafunga kidonda kwa uzi?" mwenyekiti akauliza kwa heshima.

Nikafungua mkoba nikampa barua, nikiamini itanitetea. Akavaa miwani akawasomea watu wote, polepole, kama anasoma waraka wa serikali. Alipofika kwenye joto watu wakatikisa vichwa kukubali kwamba kweli jua ni kali. Alipofika kwenye mlango mzito, bibi mmoja aliyekuwa nyuma akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Huyo ni mzee wa vina!" akasema. "Masikini binti wa watu. Kamtupa kushoto!"

Uwanja wote ukaangua kicheko. Vijana wanne nao wakacheka, mikono ikalegea, na dume likaponyoka kuelekea bondeni na kamba yake. Kijiji kizima kikalikimbilia. Bibi yule akanitoa koleo mkononi, akaliweka chini, akanirudisha mpaka mkuyuni na kunionyesha njia ya kulia.

Mlango mzito ulikuwa gunia la pamba lililotundikwa. Mzee mwenyewe, mdogo wa umbo, alikuwa kibarazani akihesabu kitu kwa vidole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Babu, uliniandikia kushoto. Kumbe ni kulia!"

"Ni kulia," akakubali bila wasiwasi. "Lakini kulia haina kina cha *to*. Ulishaona *joto*, ukaona *mto*. Msomaji wa mashairi kama wewe, ulitegemea nini?"

Nilikuwa nimejaa hasira na vumbi, nikafungua mdomo nimbishie. Mkewe akatoka jikoni na maji ya kunawa. "Usibishane naye, mwanangu," akasema. "Mwaka jana alimwandikia daktari kwamba anaumwa goti. Alikuwa anaumwa tumbo. Tumepewa dawa ya kuchua, mpaka leo ipo."

"Tumbo lingeharibu ubeti mzima," mzee akasema.

Nilikula sato na ugali, hasira ikapungua. Nikawasimulia habari ya dume. Mzee akasikiliza, vidole vikicheza magotini, kisha akauliza, "Likakimbilia wapi?"

"Bondeni."

"Bondeni," akarudia, na uso ukamkunjamana. "Hapana. Haliwezi kukimbia."

Shairi likatoka gazetini baada ya majuma machache. Ndani yake dume halikukimbia. Nililihasi mwenyewe, kwa ushujaa, kijiji kikashangilia. Kiwandani waliolisoma walinipisha njia, hasa wanaume, na msimamizi wangu aliyezoea kunifokea akaanza kuniita dada.

Tuliendelea kuandikiana. Ila tangu ziara ile, chini ya kila barua palikuwa na maneno machache ya kalamu ya risasi, ya mkewe. "Mwanangu, mbuzi wetu hajafa. Hatuna mbuzi." "Mzee hakulia usiku kucha, alikoroma." "Harusi anayokwambia ilikuwa ubatizo." Beti nilizikariri, na nyingine ninazo kichwani mpaka sasa. Lakini sitadanganya: bahasha ikifika, nilikuwa naanza kusoma kutoka chini.