Kifua cha Mtetea Mweusi

Juzi nilimwona daktari wa mifugo akimsikiliza kuku kifua kwa kile kipimo cha madaktari, nikajiona niko uani kwa bibi, kule Mitole, enzi za Mwingereza. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza kuku wa majirani. Ua ulinuka majivu na tumbaku, dawa ya bibi ya utitiri. Alimnyanyua mtetea mweusi, akampulizia manyoya, kisha akamweka kifua sikioni na kufumba macho. Niliona hata mbuzi wamenyamaza.

"Bibi, amesemaje?" nilinong'ona.

"Amesema bado yupo, mjukuu wangu."

Niliamini kabisa kwamba kuku humweleza bibi habari zao. Leo najua alisikiliza kama kifua kinakoroma. Lakini juzi, daktari alipotoa kipimo masikioni, nilijikuta nanong'ona, "Amesemaje?"