Kadi Isiyo na Ukoo

Barabara yetu hapa Garissa ina studio mbili za video za harusi, na zote ni za watoto wa mama mmoja. Ya kaka yangu iko mbele, ina kioo na bango kubwa. Kwenye bango ameandika jina la kampuni iliyotengeneza chipu ya picha iliyomo ndani ya kompyuta yake. Jina lake mwenyewe hakuliandika, la nini? Ile kampuni dunia nzima inaijua. Hata wazee wa soko la ngamia, ambao hawajagusa kompyuta maishani mwao, hulitaja kwa heshima. Yangu iko nyuma ya cherehani ya mama, na bango haina.

Kazi tumegawana kama desturi inavyotaka. Yeye hupiga upande wa wanaume: sheikh, magari, wali, wanaume wakitazama saa. Mimi hupiga upande wa wanawake, ambako ndiko harusi iliko. Huko mabuibui huvuliwa, ngoma ikalia, wanawake wakaingia uwanjani kwa zamu wakiimbiana mashairi ya buraanbur. Mwanamume haruhusiwi kuona hata kidogo, na video zenyewe hazitumwi Nairobi kuhaririwa na mtu tusiyemjua. Kwa hiyo kaka alikuwa na mashine kali ya kuonyesha watu wakila wali. Mimi nilikuwa na harusi yenyewe, na kompyuta iliyokwama kila mchezaji alipozunguka uwanjani.

Kadi ya picha ya kampuni kubwa sikuiweza bei. Huko Islii, Nairobi, nikaonyeshwa nyingine, ya kampuni changa, na muuzaji akaapa kuwa inafanya kazi ileile. Nikainunua, nikarudi nayo Garissa nimeipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Kaka aliishika kwa vidole viwili. Akauliza lile swali ambalo kwetu mgeni huulizwa hata kabla ya kupewa chai.

"Ni ya akina nani?"

"Ni kampuni mpya."

"Nimekuuliza watu wake. Ikikosea tutamwendea nani?"

Msicheke. Kwetu mtu akimvunja mwenzake mguu, ukoo wake ndio unaokaa kikao na kulipa. Asiye na ukoo hata mbuzi humkopeshi. Na kadi ya kaka ina ukoo: kila fundi anaijua, kila programu imeandikwa ikiwa imeshaitambua, na vipuri vyake utavipata mpaka Wajir. Yangu ilikuwa haina shangazi wala mjomba.

"Asiye na wake ana Mungu," nikamwambia, nikaenda zangu.

Wallahi, nilijuta. Programu yangu ya kuhariri iliikataa kadi waziwazi. Nilimwita fundi, kijana wa kutoka Machakos, akaitazama, akaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo, akasema, "Dada, hii si ya huku." Ile kampuni ilikuwa ikitoa marekebisho ya kadi hiyo mtandaoni mara kwa mara, nami nikawa nashusha kila moja kwa bando za simu yangu, kama mtu anayempelekea mgonjwa uji. Mgonjwa anameza, hasemi neno.

Ndipo binti wa habaryar, mama yangu mdogo, alipoolewa. Siku ya saba baada ya harusi wanawake hukusanyika kumfunga bibi harusi kitambaa cha kichwani, ile shaash ya mke wa mtu. Habaryar alikuwa amewatangazia wanawake wa mji mzima kwamba siku hiyo watajiona kwenye video ukutani, na kesho yake bibi harusi angeondoka kwenda Mandera kwa mumewe. Mama huyu akisema mshonaji fulani hafai, mshonaji huyo hufunga duka. Ningeshindwa siku hiyo, mimi na kamera yangu tungerudi kupiga pasi nguo za mama. Sikuwa na usingizi.

Ilipobaki siku moja, habaryar alikuja mwenyewe. Hakunisalimu vizuri.

"Kaka yako ana ile mashine kubwa?"

"Anayo, lakini ni mwanamume."

"Basi atoke."

Akatoka! Mwenye bango na kioo alifukuzwa dukani mwake mchana kweupe, akakalishwa kwenye jerikeni kando ya barabara. Habaryar akaweka kiti mlangoni, akakikalia, akamgeuzia mgongo. Mimi nikaingia na kompyuta yangu, kwa kuwa video zote zilikuwa humo, nimeifunika kwa shuka ya mama. Mapazia yakafungwa.

Nakiri mashine ya kaka ni tamu. Picha zilienda kama maji ya Tana wakati wa mafuriko. Mafeni yakanguruma, chumba kikawa tanuri, na nikaanza kumsamehe kaka majigambo yake yote. Kisha stima ikapotea.

Hilo kwa Garissa si habari. Kaka ana betri ya sola, nikaunganisha. Mashine ikawaka, ikanguruma, betri ikalia kwa uchungu, ikazima. Nikajaribu tena, ikazima tena. Lile jitu lilihitaji umeme wa mtaa mzima ndipo lifungue macho. Nikakaa sakafuni nikalia kimyakimya, maana habaryar alikuwa mlangoni.

Kwa kukosa la kufanya nikachomeka yangu kwenye betri ileile. Ikawaka bila kelele. Kulikuwa na rekebisho jipya, nikalishusha kwa bando la mwisho, nikafungua programu. Ikaitambua kadi. Nilisoma mara mbili, nikaipangusa skrini kwa ushungi, nikasoma tena. Ilikwenda polepole, kidogokidogo, lakini haikusimama. Adhana ya alasiri iliponikuta, video ilikuwa kamili.

Kesho yake ukutani wanawake walijiona wakicheza, na vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Bibi harusi alilia alipomwona mama yake akimwimbia. Habaryar akasimama katikati, machozi yakimtoka.

"Mashallah! Mnaona ile mashine ya kijana wetu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia ni kadi yangu, nakwambieni. Lakini tayari wanawake walikuwa wamenizunguka, huyu ana binti anaolewa Balambala, yule ana wawili Modogashe, na kila mmoja akimaliza kwa maneno yaleyale: "Lakini uifanyie kwenye mashine ya kaka yako, sawa abaayo, dada yetu?"

"Sawa," nikasema. Mwenye nguvu mpishe.

Tangu hapo, kila harusi naenda studio ya mbele na kompyuta yangu ndani ya shuka. Kaka anatolewa nje, mama mmoja anakaa mlangoni, mapazia yanafungwa, nami nafanya kazi kwenye kadi yangu mezani pa kampuni kubwa. Wapita njia wanasoma bango, wanatikisa vichwa kwa heshima. Kaka naye, kwenye jerikeni lake, anapokea pongezi.

Juzi nilipomaliza aliingia mapema, kabla sijaifunika kompyuta yangu. Stima ilikuwepo siku nzima. Akaweka kiganja juu ya mashine yake, kama mtu anayempapasa ngamia wake shingoni. Ilikuwa baridi. Garissa hii, saa tisa ya mchana, kitu kiwe baridi!

Akasogea akaishika na yangu, iliyokuwa na joto la kazi. Nikangoja anitangaze, au anicheke, au adai nimelitumia jina la studio yake. Nje, habaryar alikuwa akimsifia mtu ile mashine ya kijana wetu.

Akarudi mlangoni, akalivuta pazia likafunga vizuri, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa watu wa kadi yako bado wapo?"

"Wapo," nikasema.

"Nitafutie moja," akasema. "Lakini bango tusiliguse."