Cheti cha Kusoma Nyuso

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa mlezi katika shule ya kurekebisha wasichana, upande wa Dagoretti. Wakubwa waliamua kwamba tumepungukiwa na huruma, wakatupeleka semina ya siku mbili Lavington tukaichukue huko, kati ya maua na chai ya saa nne yenye samosa.

Mwezeshaji alituonyesha kadi za nyuso, tutaje hisia: hofu, hasira, dharau. Nilizipata zote. Mpishi wetu alizikosa karibu zote, kwa sababu kwa kila uso aliuliza kwanza kama mwenye uso huo amekula. Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipewa cheti, nikakibandika ukutani juu ya meza yangu.

Wiki iliyofuata nikaandika ripoti za wasichana waliotarajia kuachiliwa kabla ya Krismasi. Nilimwita mmoja wa miaka kumi na minne, nikamuuliza kama anajutia nguo alizoiba dukani Ngara. Akatabasamu. Nikauliza tena kwa ukali, akatabasamu zaidi. Zamani ningesita. Sasa nilikuwa na cheti, kwa hiyo niliandika: dharau, hajutii. Kamati ya kuwaachilia wasichana ikaisoma ripoti, ikaamua abaki mwaka mwingine.

Nilimsimulia mpishi, nikijigamba kidogo. Akaacha kusonga ugali.

“Huyo akiogopa ndio hucheka,” alisema. “Siku aliungua mkono hapa jikoni alicheka hivyo hivyo. Kwani hukuwa unajua?”

Sikuwa najua. Nilikwenda mbio kwa mkuu wa shule kuomba ripoti ibadilishwe. Alinijibu kwa upole kwamba imeshapigwa muhuri, na isitoshe, imeandikwa na mtu aliyesomea mambo ya nyuso.

Nyanyake msichana hakuna aliyemwambia. Alitoka Mutuini siku aliyodhani ni ya kumchukua mjukuu wake, ana rinda jipya kwenye mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri. Mkuu akanituma langoni nikaongee naye. Nilikuwa na aibu na woga. Nilianza vizuri, lakini nilipofika kwenye ule mwaka mwingine nilihisi mashavu yangu yakivutika. Nilijaribu kuyazuia, nikashindwa.

Nyanya alinitazama mdomoni kwa muda.

“Madam,” akasema, “kwani hii ni kitu ya kucheka?”