Gramafoni Tatu na Sauti ya Mama

Ipo siku moja ya Julai ambayo nikiona tu mtu anasogeza jiko la mkaa sebuleni, hunirudia yote. Ilikuwa hapahapa Mjimwema, Elia mjukuu wangu, ukungu umekaa mpaka saa nne, na ndugu wameanza kufika kutoka Lupembe, wengine kutoka Makete huko, wamejifunga mablanketi mabegani. Tulikuwa tunasimika msalaba kwenye kaburi la mama yangu. Wewe umeniuliza habari ya gramafoni, nami naanza na kaburi. Tulia, kijana, chai bado ipo kwenye chupa.

Mama yangu alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya usharika wetu. Waliwahi kusafiri hadi Dar es Salaam kurekodi, wakarudi na santuri chache, na watu wakaziazima nyumba kwa nyumba mpaka zikaisha kwa kukwaruzwa na kukaliwa na watoto. Iliyobaki ni hiyo moja unayoijua, niliyoifunga kwenye kitenge ndani ya sanduku langu. Hakuna nyingine. Sauti ya mama yangu haipo popote tena duniani ila humo, nami masikio yangu unayaona yanavyonisaliti. Ndiyo maana ulipokuja na simu yako, umejaza mapicha ya mashine za mkanda wa mpira unaozungusha sahani na mashine za mota ya moja kwa moja, ukasema, "Bibi, nimechanganyikiwa, nichague ipi?", mimi sikucheka. Wewe unatafuta muziki mzuri. Mimi namtafuta mama, nimsikie walau mara moja sawasawa kabla sijamfuata.

Basi, siku ile ya msalaba baba alikuwa na gramafoni mpya ya mkanda, inatumia betri, anaifuta vumbi kila asubuhi utafikiri ana ibada nayo. Alikuwa amepanga kwamba tukitoka makaburini watu wakae, wale, halafu wamsikie mkewe. Sasa wewe unaijua Julai ya Njombe. Mashine ilikuwa ikiamka kwa uvivu kwenye baridi, sahani inazunguka kwa kujivuta mpaka ipate moto. Baba akaionea huruma. Akasogeza jiko la mkaa karibu yake tangu alfajiri, vilevile unavyomsogezea mgeni aliyetoka kwenye mvua. Jamani! Nani mwingine angefanya hivyo isipokuwa mtu wa huku kwetu? Lakini ule mkanda ni mpira, na mpira ukipashwa moto asubuhi nzima unalegea.

Tukarudi kutoka makaburini. Watu wakala, wakanyamaza, baba akashusha sindano. Unajua wimbo wenyewe: mwanzishaji anaanza peke yake, halafu wote wanaitikia. Na kwetu wimbo ukianzishwa huwezi kukaa kimya tu. Ni kama kupishana na mtu njiani asubuhi usimsalimie kamwene. Kina mama wote mle ndani wakavuta pumzi, tayari kumpokea mwenzao.

Ikatoka sauti nzito, inaburuzika, inapanda kidogo inashuka, inayumba. Haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanamume. Wale kina mama walifungua vinywa wakakosa mahali pa kuingilia. Mmoja alijaribu, akaacha katikati. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tu, nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, na nilitamani sakafu inimeze.

Bibi yangu, yaani mama mzazi wa marehemu, akainuka kwenye mkeka. Akasema, "Zima."

Baba akasema, "Mama, mashine ni mpya hii, ni ya kisasa, labda betri tu."

"Mimi sijakuuliza umri wa mashine. Nauliza mwanangu yuko wapi."

Baba akazima. Nakuambia Elia, nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini neno lile halijawahi kunitoka. Baba alikaa siku ile yote ameinamisha kichwa, na watu wakaondoka bila kumsikia mama. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anafanya kazi reli, Makambako. Yeye alikuwa na gramafoni nyingine kabisa, dude zito, alilinunua kwa mtumishi mwenzake aliyehama. Akasema, "Mleteni mama yetu kwangu Makambako, pamoja na santuri." Tukapanda lori la viazi, bibi kaketi mbele na dereva, santuri kaipakata kama mtoto mchanga, hataki hata baba amshikie.

Mashine ya mjomba haikuwa na mkanda. Ndani kulikuwa na gurudumu dogo la mpira, limebanwa katikati ya mota na ukingo wa sahani, ndilo linaloisukuma. Mimi baadaye nilipokuwa fundi cherehani nilikuja kuuelewa ule mtindo, maana hata kijigurudumu kinachojaza uzi kwenye bobini kinasuguliwa hivyohivyo. Haina uvivu. Ukiiwasha imeshakimbia, na haisikii baridi wala nini. Ila kila mota inachofanya unakisikia. Chini ya muziki kulikuwa na mngurumo, unadhani lori la majani ya chai linapanda mlima nyuma ya nyumba.

Baba akaona aibu tena. Akainama kupunguza sauti, eti mngurumo usimkere mkwewe. Bibi akamshika mkono.

"Acha ingurume. Namsikiliza mwanangu."

Na mama akaanza. Ee Mungu wangu. Alikuwa yeye, na kale kamkwaruzo kadogo ka koo anapofika juu, kalekale kalikokuwa kakituita jikoni. Alipomaliza mstari, bibi, pale pale kwenye kiti cha mbao cha mjomba, akaitikia. Hakuambiwa na mtu. Akaingia mahali pake bila kukosea, mjomba akafuata kwa besi, na mimi nikashika ile sauti ya pili ambayo mama alinifundisha tukimenya viazi. Baba alilia machozi ya wazi, wala hakujifuta. Wimbo ulipoisha bibi alisema neno moja tu, "Ndiye."

Sasa turudi kwenye simu yako.

Usiniletee maneno ya kusema mkanda ni mbaya kwa sababu ya jiko la baba. Mkanda hauna kosa. Mota inakaa pembeni na mtetemeko wake, unaofika kwenye sahani ni mzunguko tu, na mkanda ukiwa mzima mashine inatulia hadi unasikia mwimbaji anavuta pumzi. Ila ni kitu cha kulea, unabadilishwa ukichoka, na moto usiusogelee. Ya gurudumu ina nguvu na uhai, lakini ukiiacha imebanwa bila kuzunguka, mpira unabonyea, na siku ukiiwasha inagonga gu-gu-gu mpaka ukasirike. Hiyo inataka mtu mwenye subira, na wewe subira hunayo, tusidanganyane. Hii ya mota ya moja kwa moja, ambayo mota yenyewe imekaa chini ya sahani na ndiyo inayoizungusha, haina mkanda wa kulegea, inashika mwendo wake tangu mwanzo. Iliyotengenezwa vizuri haisikiki kabisa. Ya ovyo itakupigia kelele zake ndani ya kila wimbo, maana mota na santuri wanalala kitanda kimoja.

Juzi ulinipeleka Makambako kwa yule rafiki yako mwenye mbili, ya mkanda na ya moja kwa moja, mkakaa mnabishana, huyu anasema hii ina joto, yule anasema ile ina usahihi, mnaweka miziki ya watu ambao hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukutana nao. Mkaniuliza, nikasema zote nzuri. Ulikuwa ni uungwana tu, mjukuu wangu. Ningejuaje? Sikuwa namjua yeyote aliyekuwa anaimba.

Basi sikia ninachokuambia, mwanangu, ukishike. Usinunue kitu cha kusikilizia kwa kusoma sifa zake. Kipeleke mbele ya sauti unayoijua kuliko unavyojijua mwenyewe, halafu unyamaze uone mwili wako unafanya nini. Na usimwulize mtu kama mashine ni mpya au ya kisasa. Uliza aliyemo yuko wapi. Hata mchumba ukimleta hapa nitakuuliza hivyohivyo, kwa hiyo ujiandae.

Jumamosi uje unichukue mapema twende tena kwa huyo rafiki yako. Santuri nitaipakata mwenyewe, usijisumbue kuomba. Tutaiweka kwenye ile ya mkanda, halafu kwenye ile nyingine, nanyi msiniulize kitu. Mniangalie mdomo tu. Wale wote walioimba humo wamelala, bibi amelala, mjomba amelala, aliyebaki na sauti ya pili ni mimi. Mama akianza na mimi nikamwitikia bila kujua, hiyo ndiyo mashine, funga mkataba. Halafu ukae karibu yangu nikufundishe hiyo sauti ya pili, maana siku mimi nisipokuwepo mama ataanzisha, na atahitaji mtu wa kumjibu.

Mungu akulindie masikio yako, Elia. Akupe nyumba yenye watu wanaoitikiana, na asiruhusu hata siku moja uite halafu pawe kimya. Haya, nimiminie hiyo chai iliyobaki.