Dakika Moja ya Kumkumbuka Furaha

Wasomaji wangu, nilimuua mtu kwa simu, na wala sikuwa nimemaliza chai.

Kazi yangu katika chuo kimoja cha Doornfontein, Johannesburg, ilikuwa kuwapigia simu wanafunzi wa zamani na kuandika walikoishia: amehitimu, amehamia chuo kikuu, ameacha. Niliifanya kama naota. Kila jina lilikuwa ndege aliyerukia dirishani kwangu, nami nikimfuata kwa macho mpaka mawinguni, nikisahau kusikiliza.

Siku hiyo alipokea mama mmoja Mkongo, mama yake Furaha.

"Furaha alishatutoka, baba," alisema taratibu. "Alienda mbele. Tunashukuru Mungu."

Kwetu Tanga, mtu akitutoka akaenda mbele, tunatandika mikeka ya msiba. Nikampa pole. Akasema asante. Kwenye fomu nikachora kisanduku changu mwenyewe, nikaandika: marehemu.

Mchana nikawasimamisha wenzangu wote ofisini, picha ya Furaha mezani, mshumaa pembeni. Tukainamisha vichwa. Nikamwona akipaa polepole juu ya maghorofa, kiatu kimoja kikimponyoka, na machozi yakanitoka.

Nilipofumbua macho, msichana alikuwa amesimama mlangoni, naye ameinamisha kichwa kwa heshima. Alisubiri dakika iishe.

"Poleni sana," akasema. "Nilishaenda mbele, chuo kikuu, nao wamenituma nifuate matokeo yangu ya hapa. Tumempoteza nani?"

Nikanyoosha mkono niifunike picha, lakini alikuwa ameshajiona.